Paka mnene hapunguzwi kwa kushindishwa njaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu paka wa majumbani, hasa wale wa Ujiji, Mwanga na Gungu hapa Kigoma walioota kitambi hadi kuruka juu ya kiti kumekuwa kazi. Kilichotusukuma kuandika si unene wenyewe bali dawa yake inayotolewa vibarazani: "Mfungie stoo siku tatu bila kitu, atakonda mwenyewe, na panya ataanza kuwaona." Dawa hiyo inaua. Paka aliyefungiwa akiwa mzima anaweza kufa siku kadhaa baada ya kufunguliwa mlango, na mwenye nyumba akabaki kumshuku jirani kwamba amemtegea sumu.

Sababu iko kwenye ini. Binadamu au mbwa akikosa chakula siku mbili, mwili hubana matumizi na kuanza kuchoma akiba ya mafuta taratibu. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake huvunja protini mfululizo, usiku na mchana, na chakula kikikatika hauna namna ya kuipunguza kazi hiyo kama miili yetu inavyofanya. Akiwa mnene, mafuta ya chini ya ngozi na ya tumboni humiminika kwenda kwenye ini mengi kuliko ini linavyoweza kuyachoma au kuyasafirisha. Yanarundikana humo, ini linavimba na kulegea, na mgonjwa anapoteza hamu ya kula kabisa. Hapo ukimrudishia sahani imejaa dagaa anaigeuzia kisogo, na wengi hufurahi wakidhani sasa amezoea kula kidogo. Kumbe ndiyo ameanza kuumwa. Dalili zinazofuata ni kutapika, kudondosha udenda, kunyong'onyea, kisha rangi ya manjano kwenye ufizi, weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio. Tiba yake ni kumlisha kwa mpira wa kulishia wagonjwa kwa wiki kadhaa, jambo ambalo kwa mazingira yetu ni gumu kulipata na ni ghali.

Kwa hiyo sheria ya kwanza iandikwe jikoni: paka mnene asiyetia kitu kinywani kwa saa 24, mpigie simu daktari wa mifugo, zikifika saa 48, hiyo ni dharura, usingoje Jumatatu. Wazee wa Ujiji wanaijua vizuri hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyemfungia paka hadi paka akafa kwa njaa, na mwanamke huyo akaingia motoni.

Kabla ya kupunguza chochote, hakikisha kwanza kwamba ni unene. Tumbo kubwa lina baba wengi: mimba, minyoo, maji ya tumboni yanayoletwa na ugonjwa. Paka mwenye minyoo au maji huwa na tumbo la duara huku uti wa mgongo na nyonga vimechongoka. Paka mnene hujaa kote, hadi kwenye shina la mkia. Mguse mbavu kwa vidole bila kukandamiza, kisha linganisha na mkono wako mwenyewe. Kunja ngumi upapase vifundo: mbavu zikihisika hivyo, paka amekonda. Nyoosha kiganja upapase mgongo wa mkono karibu na vidole: mbavu zikihisika hivyo, yuko sawa. Geuza upapase upande wa kiganja, penye nyama chini ya vidole: ukizitafuta mbavu namna hiyo kwa shida, amezidi. Halafu mtazame kutoka juu akiwa amesimama. Nyuma ya mbavu panatakiwa pawe na kiuno. Ile ngozi inayoning'inia chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, na kuyumba akitembea, isikutishe. Paka wengi wanayo hata wakiwa wembamba.

Sasa mizani. Ile ya bafuni ya kupanda mtu haitoshi, kwa sababu tofauti tunayoitafuta ni gramu 60 au 100, nayo inaruka kwa nusu kilo ukibadilisha tu unavyosimama. Tafuta mizani ndogo ya jikoni ya betri yenye uwezo wa kilo 10. Iweke sakafuni, weka beseni juu yake, bonyeza isome sifuri, kisha mtie paka ndani ya beseni na dagaa mmoja wa kumtuliza. Mizani hiyohiyo ndiyo itakayopima chakula chake, hivyo si gharama ya bure. Ile ya kilo 5 usinunue. Paka mnene na beseni lake wataizidi. Mpime kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla hajala, beseni lilelile, na uandike ukutani au kwenye daftari. Kumpima kila siku kutakuvuruga tu, kwani maji aliyokunywa na choo alichotoa vinatosha kuubadilisha uzito.

Paka wetu wengi wa kienyeji waliokomaa wana uzito mzuri kati ya kilo 3 na 4.5, madume makubwa hufika 5. Kama unakumbuka uzito wake alipokuwa na mwaka mmoja na nusu hivi, akiwa na kiuno, huo ndio uwe shabaha. Kasi ya kupungua iliyo salama ni asilimia 0.5 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki, na sisi tunapenda ibaki karibu na asilimia 1. Chukua paka wa kilo 6 anayetakiwa kurudi kilo 4.5. Asilimia 1 yake ni gramu 60 kwa wiki. Gramu 1,500 ukizigawa kwa 60 unapata wiki 25, yaani nusu mwaka. Anayekuahidi matokeo ya mwezi mmoja anakuuzia ugonjwa wa ini.

Tuje kwenye chakula, maana hapa ndipo Kigoma tuna mambo yetu. Mawese ndiyo ya kwanza. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta yoyote, yawe mawese au alizeti, kina kilokalori (kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula) 120 hivi. Paka anayepunguzwa hadi kilo 4.5 anahitaji takriban 175 kwa siku nzima. Maana yake ni kwamba ukimkwangulia kikaango chenye mabaki ya samaki aina ya migebuka waliokaangwa, ukaongeza na rojo lililoganda pembeni, umempa sehemu kubwa ya chakula cha siku kabla hajaonja nyama yenyewe. Na atalia tena baada ya saa mbili, kwa sababu mafuta hayakujaza tumbo. Mabaki hayo huwa pia na kitunguu na kitunguu saumu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Kikaango kioshwe, asipewe paka.

Ugali, uwe wa muhogo au wa mahindi, nao una kilokalori 110 hadi 150 kwa kila gramu 100, karibu zote za wanga. Tonge moja la mtu mzima linaweza kufika gramu 50. Paka anaweza kuumeng'enya wanga, lakini hauhitaji, na kwa paka anayepunguzwa ugali ndio kitu cha kwanza kuondoka. Watu wengi hufanya kinyume: hupunguza samaki kwa kuwa wana bei, wanaongeza ugali ili sahani ionekane imejaa. Paka huyo anapoteza misuli huku mafuta yakibaki palepale. Kanuni ni kukata mafuta na wanga, na kuiacha protini.

Maziwa hayana nafasi. Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina kilokalori 60 na ushee, na paka wengi wakubwa huharishwa nayo. Kinywaji cha paka ni maji.

Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika ni chakula kizuri kwa paka, tena kizuri kuliko mnofu mtupu, kwa sababu huliwa na mifupa yake, hivyo wana kalsiamu ambayo steki haina. Shida yao ni kwamba hawahesabiwi. Wakavu wamekauka karibu maji yote; gramu 100 zina kilokalori kati ya 300 na 400, ilhali gramu 100 za dagaa wabichi zina kama 100 tu. Inachukua kilo tatu hadi nne za wabichi kupata kilo moja ya wakavu, kwa hiyo gramu 30 za wakavu ni sawa na gramu 100 hivi za wabichi. Mtu anayechota konzi ya wakavu kwa mazoea ya kuchota wabichi anamlisha mara tatu bila kujua. Ongeza na hali ya ziwa lenyewe: siku za giza, vipe, yaani vyombo vya uvuvi, vikirudi vimejaa kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga, bei inashuka na paka wa mtaa mzima wanakula bila kipimo, mbalamwezi ikiingia, uvuvi wa taa unapumzika na sahani inapungua ghafla. Mwili wa paka hauyapendi mapito hayo. Akiba ya wakavu kwenye ndoo yenye kifuniko ndiyo inayolinganisha mwezi.

Hesabu ya siku iko hivi. Kwa paka anayelengwa kufika kilo 3.5 ni kilokalori 145; kilo 4 ni 160; kilo 4.5 ni 175; kilo 5 ni 190. Hizi ni takriban, na zimehesabiwa kwa uzito unaoutaka, si uzito alionao leo. Kosa la kuhesabu kwa uzito wa leo ni la kawaida sana, na ndilo linalofanya mtu ahangaike miezi miwili bila kuona mabadiliko.

Kwa paka wa shabaha ya kilo 4.5, nunua robo kilo ya dagaa wakavu na uigawe mafungu manane yaliyo sawa. Kila fungu ni gramu 31, kiasi cha kilokalori 105 hadi 110, na ndilo la siku moja. Yatie kwenye bahasha ndogo za kaki, uziandike siku. Asiye na mizani anaweza kuridhika na njia hii peke yake, kwani mwenye duka ndiye amekupimia robo. Halafu nunua robo kilo ya nyama isiyo na mafuta: moyo wa ng'ombe, kidari cha kuku bila ngozi, au nyama ya paja. Ikichemka itabaki gramu 170 hadi 190. Gawanya mara nne. Kila kipande ni cha siku moja, kilokalori 65 hadi 75. Asiye na friji anunue nyama kidogo ya siku hiyo, au badala yake ampe yai moja la kuchemsha, lenye kilokalori 70 hivi. Usimpe yai bichi. Ute mbichi huzuia vitamini mojawapo ya kundi B. Ukitaka kuongeza ujazo, kijiko kimoja cha boga lililochemshwa na kupondwa hakina uzito wa kutisha: gramu 20 ni kilokalori tano tu.

Dagaa wanaoanikwa mchangani waoshwe, kisha waloweke dakika 30 katika maji ya uvuguvugu, mwaga maji hayo yaondoke na mchanga na chumvi, ndipo uwachemshe dakika 10. Pima kabla ya kuloweka, si baada, maana wakishanywa maji mizani haitakwambia kitu. Kuchemsha si ustaarabu tu. Dagaa wa Tanganyika ni wa jamii moja na saradini, na baadhi ya samaki wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka aliyekosa vitamini hiyo huyumba, kichwa kinainama kuelekea kifuani, na mwisho hupata degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho; jua la kuanikia si la kutegemea kwa kazi hiyo.

Maji uliyochemshia nyama usiyamwage. Paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, ya kutosha. Ni lazima aile, na huyeyuka ikabaki kwenye mchuzi. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka waliokosa taurini walipata ugonjwa wa moyo kutanuka na kudhoofika, na kwamba walipopewa taurini moyo ulipata nafuu. Upungufu wake hupofusha pia. Moyo wa ng'ombe au wa kuku una taurini nyingi, na ndiyo sababu tumeutaja wa kwanza. Mchuzi huo usiwe na chumvi wala kitunguu, na uuengue mafuta yakiganda juu.

Maini nayo yana bei nzuri na paka huyapenda mno, lakini yakiwa chakula cha kila siku vitamini A huzidi na mifupa ya shingo hushikana. Mara moja kwa wiki, kipande cha kidole gumba, inatosha. Na samaki wa mafuta mengi peke yake kila siku, miezi na miezi, humletea paka uvimbe wa mafuta ya chini ya ngozi unaouma akiguswa, kwa kukosa vitamini E. Hapo ndipo nyama au yai la kila siku linapofanya kazi yake katika mpango huu.

Wanaotumia chakula cha paka cha dukani, kile cha punje kavu, wasome nyuma ya mfuko. Vingi vina kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100. Ukiwa na 375, paka wa 175 anahitaji gramu 47 kwa siku nzima, na ukiziona hizo gramu 47 kwenye sahani utadhani umemwonea. Jedwali la mfuko limeandikwa kwa paka wa kawaida, si wa kupunguzwa, na mara nyingi lina ukarimu wa muuzaji. Tena usimpunguzie punje za kawaida hadi chini sana ukadhani umemaliza, maana vitamini na protini hupungua pamoja na kilokalori. Ndiyo maana kuna aina zilizotengenezwa maalumu kwa kupunguza uzito. Chakula cha mbwa kisitumike hata kama kinafanana na kina bei nafuu. Hakina taurini ya kumtosha paka.

Mabadiliko yafanyike kwa siku saba hadi kumi: robo ya chakula kipya kwa siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu. Paka aliyelelewa kwa chakula cha aina moja hukiona kingine si chakula. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, kila nyumba yenye paka wa dagaa tu ilitakiwa kuwa na mbadala, na paka mnene anayegoma kula kwa sababu dagaa hawapo yuko kwenye hatari ileile ya ini kama aliyefungiwa stoo. Kwa hiyo mzoeshe vitu viwili vitatu wakati mambo ni mazuri. Akigoma kipya, rudi hatua moja nyuma, pasha moto kidogo kifikie uvuguvugu ili harufu ipande, au nyunyiza unga wa dagaa uliotwangwa juu yake. Na yule ambaye sasa anakula maradufu ya hesabu yetu asishushwe kwa siku moja. Mpime anachokula kwa siku tano, anza kwa kukata asilimia 10 hadi 20, ushuke taratibu kwa wiki mbili au tatu.

Fungu la siku ligawanywe mara nne: asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Lile la mwisho ndilo linalonunua usingizi wako. Paka atalia alfajiri wiki ya kwanza, hilo halikwepeki. Ukiamka ukampa hata dagaa mmoja, umemfundisha kwamba kelele ya saa kumi na moja inalipa, na kesho ataanza saa kumi. Mpe saa ileile uliyoipanga, alie asilie.

Sasa, wezi. Mpango mwingi hauharibiwi na hesabu bali na watu: bibi anayemdondoshea kichwa cha samaki aina ya kuhe chini ya mkeka, watoto wanaomaliza ugali wao kupitia kwake, jirani anayedhani paka wa watu ananyimwa. Waelezeni wote wa nyumbani, na jirani pia, kwamba chakula cha paka kiko kwenye bahasha moja tu. Anayetaka kumpa kitu atoe humo. Watoto wakabidhiwe wao kazi ya kugawa, wataacha kuiba. Ndoo ya dagaa ifunikwe kwa jiwe juu. Kama kuna paka wawili, mwembamba alishiwe mahali pa juu ambapo mnene hawezi kuruka, au chumba kingine kwa dakika 20, kisha sahani iondolewe.

Mazoezi tutayapitia haraka, kwa kuwa peke yake hayapunguzi uzito. Yanalinda misuli na kumwondolea uvivu. Paka hawindi kwa mwendo mrefu, hivyo dakika tano mara tatu kwa siku zinafaa kuliko nusu saa moja. Unyoya uliofungwa kwenye fimbo, mpira wa karatasi, kumrushia dagaa mmoja mmoja upande wa pili wa ukumbi. Trei tupu la mayai la karatasi ni kifaa kizuri sana: weka dagaa mmoja kwenye kila kishimo, atumie kucha kumtoa. Uzi usiachwe sakafuni ukimaliza, maana paka akiumeza hukata utumbo. Na kuhusu panya, njaa si mwalimu wa kuwinda. Paka aliyeshiba naye huwinda. Mnene hawindi kwa kuwa mwili ni mzito, na akipungua ataanza tena.

Baada ya wiki mbili za kwanza, soma mizani. Paka wa kilo 6 akiwa amepungua kati ya gramu 60 na 240, usiguse kitu. Akipungua zaidi ya hapo, ongeza chakula kwa asilimia 10 mara moja, hata kama unafurahia kasi hiyo. Asipopungua kabisa, usikimbilie kukata. Tafuta mwizi kwanza. Ukithibitisha hayupo, punguza asilimia 5 hadi 10. Paka wa shabaha ya kilo 4.5 asishuke chini ya kilokalori 130 kwa siku bila daktari kumwona. Katikati ya safari, mwezi wa tatu au wa nne, mizani mara nyingi husimama hata kama kila kitu kinafuatwa. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa, basi. Punguza tena asilimia 5, usubiri wiki mbili.

Aliyehasiwa anahitaji chakula pungufu kwa robo hivi kuliko alivyokuwa, na wengi hunenepa miezi ya kwanza baada ya upasuaji kwa kuwa sahani haikubadilika. Hiyo si sababu ya kutohasi. Ni sababu ya kupima chakula tangu siku anayorudi nyumbani. Lakini anayeshawishika kumchoma paka jike sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu aache. Dawa za kundi hilo humnenepesha, humsogeza kwenye kisukari, na huleta uvimbe wa matiti na usaha kwenye mfuko wa uzazi.

Wapo wanaostahili kuonwa na daktari kabla ya kuanza lolote: paka wa miaka kumi na zaidi, mwenye mimba au anayenyonyesha, na yule anayekunywa maji mengi na kukojoa sana huku akikonda ilhali anakula. Huyo wa mwisho huenda tayari ana kisukari, ugonjwa unaowapata paka wanene zaidi kuliko wengine. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka ni dharura ya siku hiyohiyo, si ya kesho asubuhi. Na mtu asimpe panadoli kwa maumivu yoyote. Kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Tunajua kuna msomaji atakayeguna kwamba watu hawajashiba, sisi tunapima nyama ya kumlisha paka. Atazame hesabu upya. Nyumba iliyokuwa ikichota konzi tatu za dagaa kwa siku kwa ajili ya paka, sasa itatumia robo kilo kwa siku nane.

Akifika kwenye shabaha, usimrudishie sahani ya zamani. Ongeza asilimia 10, mpime baada ya wiki mbili. Akiendelea kupungua, ongeza tena asilimia 10. Akisimama, hapo ndipo kipimo chake cha maisha. Baada ya hapo mpime mara moja kwa mwezi, na akiongezeka gramu 200 rudi kwenye bahasha za mwanzo.

Ni sisi,
Watabibu wawili wa mifugo,
Ujiji, Kigoma.